Kumngoja Mjomba wa Chiku

Mimi sina subira, na nalisema mapema ili msomaji asinitarajie upole. Nimezaliwa Usambara, nimebatizwa Ruthi kwa Walutheri, na nilifanya kazi miaka kumi na minne katika hospitali ndogo ya Daktari Pandya pale Usagara, mjini Tanga. Ilikuwa na vitanda vinane na chumba kimoja cha upasuaji. Nilikuwa muuguzi, nilikuwa mkunga, na daktari akipasua mimi ndiye niliyemlaza mgonjwa kwa etha, dawa ya usingizi. Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Mei, mwaka 1954, masika yamechachamaa, na siku hiyo nilimkasirikia daktari wangu kuliko nilivyopata kumkasirikia mtu yeyote.

Saa moja asubuhi aliletwa Chiku juu ya mkokoteni uliotandikwa godoro, mama yake, Bi Mwamvua, kamshikia mwavuli kichwani. Mumewe Hatibu, fundi cherehani, alisaidiana na mwenye mkokoteni kusukuma, kanzu imemganda mwilini kwa mvua. Uchungu ulikuwa umemshika Chiku tangu juzi yake. Ilikuwa mimba ya tatu, na hizo mbili za kwanza watoto walitoka wamekwisha kufa.

"Shikamoo, mama," nilimwambia Bi Mwamvua, maana hata katika haraka adabu haiachwi.

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie. Sina binti mwingine."

Nilimlaza Chiku, nikaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo lake, nikausikia moyo wa mtoto unapiga mbio, wazi kabisa. Kichwa kilikuwa kimekwama juu ya nyonga, na kwa jinsi nyonga yenyewe ilivyokuwa nyembamba, kingekaa pale mpaka kiyama. Hapakuwa na la kufikiri. Nikaenda kumwita daktari.

Nilimkuta ofisini, ameketi mbele ya kikombe cha chai iliyoota utando. Daktari Pandya alikuwa Mhindi wa watu, Mbaniani mwenye umri wa miaka hamsini na moja, mwembamba, mikono laini. Zamani alikuwa na desturi moja niliyoipenda. Kabla ya kupasua alisugua mikono kwa brashi na sabuni dakika kumi kamili, na katika dakika zile kumi alinisimulia, kipande kwa kipande, hadithi ndefu ya kale ya kwao aliyoipata kwa mama yake, ya ndugu walioingia vitani na ndugu zao. Nilimjua mpiga upinde aliyeshuka kwenye gari la farasi kwa kuwa aliona wajomba na walimu wake upande wa pili. Nilimjua malkia ambaye mumewe alimweka rehani katika mchezo wa kamari akashindwa, naye akaburutwa mpaka barazani, akasimama mbele ya wazee akauliza ni nani aliyempa mumewe haki ya kumcheza. Wazee wakatazama miguu yao. Hapo nilisonya kwa sauti, na daktari akacheka mpaka povu likamwingia machoni.

Tangu Januari alikuwa akisugua mikono kimya, na tangu Machi hakushika kisu kabisa. Wagonjwa arobaini kwa siku aliwapima kama mtu anayehesabu magunia. Nilikuwa nikimkuta asubuhi amevaa shati la jana.

"Daktari, kuna kazi ya kisu," nikamwambia. "Mtoto yu hai."

Alikuja, akampima Chiku, akakubali kila nililosema. Kisha akamgeukia Hatibu. "Mjomba wake yuko wapi?"

Nilijua swali hilo lilikotoka. Chiku alikuwa Mdigo wa Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, na watu wake walishika mila ya zamani: binti ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Mume atamlisha na kumvika, lakini mwili wa mkewe ukitaka kukatwa kisu, neno si lake. Daktari hakuwa akilijua hilo. Mwezi wa Januari alimpasua mwanamke mwingine wa kwao, Semeni, kwa karatasi ya ruhusa aliyoitia mumewe dole gumba. Semeni alifia mezani. Kesho yake akaja mjomba mtu, mzee mkimya, akasimama katikati ya wagonjwa akauliza, "Nani alikupa huyu?" Daktari akaonyesha karatasi. Mzee hakuitazama. "Huyu ni mume," akasema. "Nakuuliza nani alikupa." Akaondoka bila kupandisha sauti. Laiti angetukana, labda daktari angepona.

Kuanzia hapo Daktari Pandya akaishika mila ya Wadigo kuliko Wadigo wenyewe. Bila neno la mjomba, hakati.

"Mjomba Idarusi yuko Moa," alisema Hatibu. "Nimemtuma ndugu yangu tangu alfajiri na baiskeli. Daktari, mimi nakubali. Nipe karatasi nitie dole, hata vidole vyote kumi."

"Karatasi yako ninaijua," daktari akamjibu.

Nikamgeukia Bi Mwamvua. Alikuwa ameshika mkono wa binti yake, midomo ikisoma dua. "Mimi nimezaa tu," akasema. "Mwenye neno ni kaka yangu. Nikisema kateni, akafa, nitaingia Moa na uso gani?"

"Basi tunangoja," akasema daktari, akarudi kwenye chai yake.

Tukangoja. Mvua ilipiga bati hata tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Kila robo saa niliweka pembe tumboni. Saa mbili, moyo ukipiga. Saa tatu, ukipiga. Daktari wa upasuaji wa serikali alikuwa safarini Korogwe na njia ilikuwa imekatika, hilo nililiulizia mwenyewe kwa simu, kwa hiyo hapakuwa na pengine pa kumkimbizia. Chiku hakupiga kelele. Uchungu ulipokuja aliuma ncha ya kanga, ulipopita alitazama dari. Saa nne moyo wa mtoto ulianza kuchoka. Ukipiga, ukisita, ukipiga.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Daktari, mtoto anachoka."

"Nimesikia."

"Umesikia ukiwa umekaa?"

Alinyanyua mikono yake akaiweka juu ya meza ili niione. Ilikuwa ikitetemeka. "Unamkumbuka yule mpiga upinde?" akaniuliza. "Alisema, nikiwaua hawa hata nikishinda nimeshinda nini? Akaweka upinde chini. Mimi nimeuweka, Ruthi. Nimechoka. Nikifumba macho namwona Semeni."

"Na mwendesha gari lake alimwambia nini? Ulinisimulia mwenyewe."

"Kwamba kazi ni yake, matunda si yake. Afanye linalompasa, asing'ang'anie litakalotokea."

"Basi fanya."

"Miaka ishirini na mitano nimejiambia hivyo!" Hapo ndipo alipopaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Kila aliyekufa nimejiambia matunda si yangu. Kisha yule mzee akaniuliza nani alikupa, nikakosa jibu. Matunda si yangu, haya. Lakini ni ya mtu, Ruthi! Yana mwenyewe!"

Nilikuwa nimekuja na hasira tele, na ghafla nikamhurumia, na huruma ile ikaniongezea hasira. Nilimwambia neno baya. Nilimwambia kwamba anamheshimu mjomba kwa sababu mjomba yuko mbali. Kisha nikatoka.

Ilipofika saa saba mchana, ndugu yake Hatibu akarudi, matope mpaka kifuani. Alisimama mlangoni mwa wodi akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba maji ya Mto Sigi yamepita juu ya daraja, kwamba baiskeli imekwenda na maji, kwamba hakuna wa kuvuka leo wala labda kesho. Bi Mwamvua akajifunika uso. Hatibu akaanza kulia. Daktari Pandya, aliyekuwa ametoka ofisini, alisimama palepale kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi.

Ndipo Chiku akatema kanga.

"Mnamngoja nani?" akauliza.

"Mjomba wako, mwanangu," alisema mama yake.

"Mjomba ndiye aliyelala hapa?" Pumzi zilikuwa zikimkatika, akasema neno moja moja. "Tangu asubuhi nawasikia. Hatibu kaulizwa. Mama kaulizwa. Moa wametumwa watu. Mimi nipo hapa. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Daktari alitazama miguu yake. Nami nikatazama yangu, naona haya mpaka leo, maana nilikuwa nimetoa ukali wangu wote kwa watu wengine, na tangu saa moja asubuhi sikuwa nimemuuliza mwenye tumbo kitu chochote ila wapi panauma. Mimi, niliyewasonya wale wazee wa barazani.

Daktari akamsogelea, akapiga goti kando ya kitanda. Nilidhani ameanguka. "Chiku," akasema, "nataka kukupasua nimtoe mtoto. Unaweza kufa. Nisipokupasua utakufa kwa hakika. Unaniruhusu?"

"Nipasue."

"Chiku," mama yake akaanza.

"Mama, nyamaza. Nimekupenda siku zote, sasa nyamaza."

Nikaleta wino, Chiku akatia dole gumba mwenyewe. Tulipokuwa tukimbeba ndipo uchungu ulipokatika ghafla. Alisema, kwa mshangao kabisa, kwamba haumwi tena, ila bega tu ndilo linamuuma. Mkunga yeyote anajua maana yake: kitu kimepasuka ndani. Nilimtazama daktari, naye alikwisha kujua.

Hakusugua dakika kumi. Nilimfunika Chiku kinyago cha waya chenye shashi, nikaanza kudondosha etha tone kwa tone, kidole changu kwenye mshipa wa taya nikihesabu. Alilala upesi mno, maana alikuwa amekwisha kuishiwa damu. Daktari alikata. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Kizazi kilikuwa kimepasuka, ufa toka chini hadi ubavuni. Mtoto alikuwa nje yake, tumboni katikati ya damu, mvulana mkubwa mwenye nywele nyingi. Alikuwa bado na joto. Daktari alimtoa akanipa kwa mkono mmoja, nikampiga mgongoni, nikampulizia mdomoni, nikampuliza tena. Kisha nikamlaza kwenye beseni nikarudi kwenye etha, maana mama yake alikuwa hai bado na mimi sikuwa na mikono mingine.

"Mshipa?"

"Mwepesi. Unapotea."

Alijaribu kuushona ule ufa. Nyama ilikatika uzi ukatoka nayo, mara moja, mara mbili. Damu ilijaa kila alipoipangusa. Ndipo mikono yake ikasimama.

"Hakishoneki," akasema. "Inabidi nikitoe chote."

"Kitoe."

"Alinipa ruhusa ya mtoto, Ruthi. Hili sikumuuliza. Hana mtoto hata mmoja." Alinitazama juu ya kitambaa cha pua. "Ukimwamsha kidogo, nimuulize?"

"Nikimwamsha atakufa huku anakusikiliza."

Alikandamiza ufa kwa kitambaa. Damu ilikuwa ikidondoka kutoka mezani, nikaisikia licha ya mvua. Niliogopa sana. Nilimwona ameshuka kwenye gari lake kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mjomba wa kusingizia.

"Daktari," nikamwambia, "mwendesha gari hapigani. Kazi yake kushika hatamu tu. Nimezishika. Chagua wewe, lakini chagua sasa hivi, na kesho utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe."

Alivuta pumzi moja, akakitoa kizazi. Ilimchukua chini ya nusu saa. Alipomaliza mshipa ulikuwa bado upo chini ya kidole changu, mwembamba kama uzi wa Hatibu, lakini upo.

Kesho yake Chiku alikuwa na fahamu zake. Mama yake alikwisha kumwambia habari ya mtoto. Kabla daktari hajaingia wodini nilimzuia ukumbini nikamwambia asimwambie yote. Aseme mtoto alikufa kabla hajafika kwetu, nani atajua? Nilisema hivyo kwa huruma, na kidogo kwa ajili yangu mwenyewe. Alinitoa njiani kwa upole, kama mtu anavyosogeza kiti.

Alimwambia yote, nami nilikuwepo. Kwamba asubuhi moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga. Kwamba angempasua saa moja ile, huenda mtoto angekuwa hai na kizazi kizima. Kwamba aliogopa, akamngoja mjomba. Kwamba mchana alikitoa kizazi, na hatazaa tena. Bi Mwamvua alipiga ukelele mmoja akatoka nje.

Chiku alipapasa tumbo lake juu ya shuka. "Asubuhi hukuniuliza," akasema. "Na mchana hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Akageukia ukutani.

Jumatatu maji yalipungua, na mjomba akaja. Mzee Idarusi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kofia ya kiua safi, ameshuka kwenye lori la nazi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaenda moja kwa moja hadi alipokuwa daktari kando ya kitanda. Wagonjwa wote wakajiinua kwenye mito. Nilijua litakalofuata neno kwa neno, na likaja.

"Nani alikupa huyu?"

Daktari alifungua mdomo. Chiku akamtangulia.

"Nilijitoa mwenyewe, mjomba. Dole ni langu, liko kwenye karatasi."

"Na kizazi cha ukoo wetu? Hicho nacho ulimpa?"

"Hicho alichukua yeye." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila kitanda kiliisikia. "Ugomvi upo, sikatai. Lakini wenye ugomvi ni mimi na yeye. Usinisemee. Nimesemewa vya kutosha."

Mzee alivua kofia. Nadhani alikuwa hajajibiwa hivyo na mtoto wa dada yake tangu azaliwe. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa kama mpwa wake anakula. Nikamwambia anakunywa uji. Akaenda kukaa barazani na Hatibu.

Chiku akamgeukia daktari. "Sasa niulize," akasema.

"Nini?"

"Lile la mchana. Niulize kana kwamba uliniamsha pale mezani."

Daktari Pandya akamwinamia. "Chiku, kizazi kimepasuka. Nikikitoa utaishi, hutazaa. Nikikiacha utakufa. Unasemaje?"

Alimtazama mpaka mimi nikaona taabu. "Leo sijui," akasema. "Njoo kesho."

Akaenda kesho yake. Akamuuliza vilevile, maneno yaleyale, na Chiku akasema bado hajui. Akaenda keshokutwa. Kila siku saa mbili asubuhi, kabla ya wagonjwa wa nje, alisimama kando ya kitanda kile akauliza, naye akajibiwa hivyohivyo. Nilimwambia anamtesa. "Nani anamtesa nani?" akaniuliza. Siku moja alitoka pale akaenda kunawa uso nyuma ya jiko, kisha akaingia kupima watu. Nikawa namtazama. Alikuwa akiwauliza wagonjwa majina yao.

Siku ya tisa nilikuwa nikibadilisha kitambaa cha kidonda alipokuja. Foleni ilikwisha kufika mlangoni, watoto wanakohoa, mtu anagombana na mwenzake kuhusu zamu. Daktari akauliza.

"Ningekubali," alisema Chiku. "Ningekwambia kitoe." Akausogeza mkono wangu pembeni. "Lakini kwanza ningelia. Na wewe ungengoja nimalize."

"Hapakuwa na nafasi," daktari akasema taratibu. "Ungekufa."

"Najua," akasema. "Leo ipo."

Daktari akavuta kiti akaketi. Chiku akalia. Hakuwa amelia siku zote zile, si kwa mama yake wala kwa mumewe, na sasa alilia kwa sauti, akamwita mtoto wake kwa jina alilokuwa amemchagulia, jina ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akilijua. Nikatoka, nikafunga mlango, nikawaambia watu wa foleni wangoje.